Sukari ya Ulaya: ukiritimba upimwe kwa mwendo wa lori

Ukizitazama takwimu za Umoja wa Ulaya mzima, tasnia ya sukari haitishi sana. Südzucker ya Mannheim, kubwa kuliko zote, ilishika takriban robo ya mgawo wa uzalishaji enzi za migawo, yaani viwango vya uzalishaji vilivyowekwa kisheria hadi 2017. Zinaifuata Nordzucker ya Braunschweig, Tereos na Cristal Union za Ufaransa, Pfeifer & Langen ya Cologne, Cosun ya Uholanzi, Associated British Foods inayomiliki Azucarera ya Hispania, na kampuni ya serikali ya Poland, Krajowa Spółka Cukrowa, ambayo tangu 2022 inaitwa Krajowa Grupa Spożywcza. Wapo na wadogo wengine. Mtu akisoma orodha hiyo anaweza kusema soko lina wachache, lakini bado wanashindana.

Hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu hakuna mkulima anayeuza mazao yake "Ulaya". Anauza pale lori linapoweza kufika kabla gharama ya nauli haijameza faida. Ukilipima soko kwa umbali huo, wale wanane wanageuka kuwa mmoja.

Sukari ya Ulaya hutokana na viazi sukari, jamii moja na bitiruti nyekundu ya kachumbari, ila hivi ni vyeupe na vina uzito wa kilo moja hivi kila kimoja. Robo tatu ya kiazi ni maji. Sukari ni asilimia 16 hadi 18. Lori la tani 28 linabeba takriban tani 21 za maji na sukari isiyofika tani 5, na kiwanda kinahitaji kama tani 7 za viazi kupata tani 1 ya sukari nyeupe. Kila kilomita inayoongezeka inalipiwa kwa kusafirisha maji. Kisha kiazi kilichong'olewa hakitulii. Kinaendelea kupumua na kula sukari yake chenyewe, na hali ya hewa ikiwa na joto kinakula haraka zaidi. Kikigandishwa na baridi kisha barafu ikayeyuka, bakteria hutengeneza utando wa gundi uitwao dekstrani. Gundi hiyo huziba vichujio kiwandani na kuchelewesha uundaji wa chembe za sukari. Mzigo wa namna hiyo kiwanda hukata bei au kuukataa kabisa. Kwa hiyo mkulima hawezi kwenda mbali, na kusubiri bei nzuri hawezi vilevile.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kiwanda kikubwa kina faida ya kweli. Viazi huoshwa, hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa katika maji ya nyuzi joto 70 hivi, maji yale matamu husafishwa kwa chokaa na kaboni dayoksaidi, huchemshwa mpaka yawe mazito, hugandishwa kuwa chembe, kisha mashine za kuzungusha hutenganisha sukari na molasi. Mitambo hiyo hufanya kazi usiku na mchana kuanzia Septemba hadi Januari, halafu inakaa kimya miezi iliyobaki. Mwenye kiwanda hulipia boila, matangi na mafundi mwaka mzima ilhali anavuna kwa siku 100 au 130. Akifunga kiwanda kidogo na kurefusha msimu wa kile kikubwa, gharama kwa tani inashuka, na nishati inayotumika kwa tani inapungua pia. Anayetaka kurudi kwenye viwanda vidogo vya zamani hajaziangalia bili za gesi.

Lakini faida ya kiwanda kikubwa haisemi chochote kuhusu nani apewe faida hiyo. Msimu ukirefushwa, mkulima wa Septemba anang'oa viazi ambavyo vingeendelea kunenepa kwa wiki kadhaa, na yule wa Januari anabeba hatari ya barafu. Pakiwa na wanunuzi wawili, usumbufu huo hulipiwa fidia nono. Pakiwa na mmoja, fidia ni ile atakayoona yeye inatosha.

Na mara nyingi yupo mmoja. Denmark, Sweden na Finland, mnunuzi wa viazi ni Nordzucker, iliyonunua Nordic Sugar kutoka Danisco mwaka 2009. Uholanzi ni Cosun, baada ya kuichukua CSM Suiker mwaka 2007. Leo kuna viwanda viwili, Dinteloord na Vierverlaten, na vyote ni vyake. Austria ni Agrana, iliyo ndani ya kundi la Südzucker. Hungary imebakiwa na kiwanda kimoja, Kaposvár, nacho ni cha Agrana. Uingereza, iliyo nje ya Umoja sasa, ina viwanda vinne vya viazi, Bury St Edmunds, Cantley, Newark na Wissington, na mwenyewe ni British Sugar, tawi la Associated British Foods. Ujerumani ina kampuni nne, ila zimegawana nchi kiasi kwamba mkulima wa kusini na mwenzake wa kaskazini hawana wa kuchagua.

Hali hii haikuletwa na maumbile peke yake. Sera iliijenga. Mfumo wa sukari wa jumuiya ya Ulaya ulioanza mwaka 1968 uligawa migawo ya uzalishaji kwa nchi, na nchi zikaigawa kwa kampuni zenye viwanda. Mkulima alipata haki ya kupeleka viazi, lakini mgawo wenyewe ulikuwa wa kiwanda. Hapo ndipo kosa la msingi lilipo. Kampuni mpya haikuweza kuanza kwa kujenga kiwanda bora, maana bila mgawo sukari yake isingepata bei ya ndani iliyolindwa. Njia pekee ya kukua ilikuwa kumnunua mwenye mgawo. Südzucker ikainunua Raffinerie Tirlemontoise ya Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1980 na Saint Louis Sucre ya Ufaransa mwaka 2001. Kwa karibu miaka 50 ushindani wa Ulaya ulikuwa wa kununuana.

Kisha yakaja mageuzi ya 2006. Brazili, Australia na Thailand zilikuwa zimeshinda kesi katika Shirika la Biashara Duniani dhidi ya ruzuku za mauzo ya nje ya sukari ya Ulaya, na Brussels ikalazimika kupunguza uzalishaji. Bei ya msingi ya sukari nyeupe ilishushwa kwa hatua kutoka euro 631.9 kwa tani hadi 404.4, na bei ya chini ya viazi ikaishia euro 26.29. Ukaundwa mfuko maalumu wa kuwalipa wanaokubali kuachia migawo: euro 730 kwa tani katika misimu miwili ya kwanza, kisha 625, mwishowe 520. Fedha hizo zilitokana na tozo iliyotozwa kwa kampuni zilizobaki na migawo yao, kwa hiyo tasnia yenyewe ililipia kupungua kwake.

Sharti moja la mfuko huo lingestahili mjadala mkubwa kuliko lilivyopata. Ili kulipwa kiwango kamili, kampuni ilipaswa kubomoa kabisa mitambo ya sukari. Ukibomoa nusunusu na kubakiza sehemu kwa shughuli nyingine, ulipata asilimia 75. Lengo lilieleweka: kuhakikisha uwezo ulioondolewa haurudi kinyemela. Lakini maana yake kwa ushindani ni kwamba fedha za mfuko huo wa kisheria zililipa ili mtambo usiweze kamwe kununuliwa na mpinzani, awe ushirika wa wakulima au kampuni ya nchi nyingine. Sehemu ya wakulima na wenye mashine za kukodisha iliwekwa kuwa angalau asilimia 10. Kilichobaki kilikwenda kwa kampuni.

Ireland ni mfano ulio wazi. Greencore ilifunga Carlow mwaka 2005 na Mallow, kiwanda cha mwisho cha nchi, mwaka 2006. Mgawo ulioachiwa ulikuwa wa tani 199,000 na ushee. Zidisha kwa 730 unapata takriban euro milioni 145. Kilimo cha viazi sukari kikafa nchi nzima kwa sababu kampuni moja ilifanya hesabu yake ikaona kufunga kunalipa kuliko kusaga. Wakati bei ya sukari ilipokuja kupanda tena, hapakuwa na pa kupeleka viazi. Latvia nayo iliacha kabisa. Italia ilishuka kutoka viwanda 19 hadi vinne. Kwa jumla karibu tani milioni 6 za migawo ziliondolewa na viwanda vipatavyo 80 vikafungwa ndani ya miaka michache, na tani zilizosalia zikaangukia mikononi mwa walewale wakubwa wenye ardhi bora kuanzia kaskazini mwa Ufaransa hadi Poland.

Upande wa pili wa kiwanda, anaponunua mwenye kutengeneza soda, biskuti au jamu, mambo yalikwenda vivyo hivyo. Sukari nyeupe haina tofauti ya kutambulika kati ya kampuni na kampuni. Kitu kama hicho kikiuzwa na wachache wanaojuana, njia rahisi ya kuepuka kushindana ni kila mmoja kubaki kwenye eneo lake. Tume ya Ulaya ilitoa uamuzi dhidi ya kampuni za sukari tangu mwaka 1973, na Mahakama ya Haki ikathibitisha sehemu ya uamuzi huo mwaka 1975. Mwaka 1998 British Sugar, Tate & Lyle na wafanyabiashara wawili waliadhibiwa kwa kuratibu bei kati ya 1986 na 1990; faini ya British Sugar peke yake ilikuwa milioni 39.6 za ECU, kipimo cha fedha kilichotangulia euro. Mwaka 2014 mamlaka ya ushindani ya Ujerumani ilizitoza Südzucker, Pfeifer & Langen na Nordzucker takriban euro milioni 280 kwa makubaliano yaliyodumu kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi 2009. Südzucker ilibeba milioni 195.5. Nordzucker, iliyotangulia kufichua, ilitozwa kidogo sana.

Namna karteli hiyo, yaani mapatano ya siri ya kutoshindana, ilivyofanya kazi inafundisha kuliko faini yenyewe. Hapakuhitajika kupanga bei kila wiki. Kanuni ilikuwa kuheshimu soko la nyumbani la mwenzako. Kesi iliyofika Mahakama ya Haki na kuamuliwa Machi 2022 inaonyesha jambo hilo kwa udogo wake: kampuni tanzu ya Nordzucker huko Slovakia ilianza kuwauzia wateja wa Austria, eneo la Agrana. Februari 2006 mkuu wa mauzo wa Südzucker akampigia simu mwenzake wa Nordzucker kulalamika, akidokeza kwamba yanaweza kuwepo matokeo upande wa Ujerumani. Simu moja ilitumika kama ushahidi katika nchi mbili, Ujerumani na Austria. Mgawo wa serikali ulikuwa umekwisha kumweka kila mmoja mahali pake. Simu ilikuwa ya kukumbushana mipaka.

Wengi walitarajia kufutwa kwa migawo tarehe 30 Septemba 2017 kungevunja mazoea haya. Kwa muda kulivunja. Kila kampuni yenye ardhi nzuri ilipanua eneo ili kujaza kiwanda chake, msimu wa 2017/18 ukatoa zaidi ya tani milioni 21, na wastani wa bei ya Umoja ukaanguka kutoka karibu euro 500 kwa tani hadi kidogo juu ya 310 mwanzoni mwa 2019. Huo ulikuwa ushindani halisi, na uliumiza. Bei ya chini ya viazi ilikuwa imefutwa pamoja na migawo, kwa hiyo hasara ilishuka moja kwa moja shambani kupitia mikataba iliyofungamanisha bei ya kiazi na ya sukari.

Jibu la kampuni lilikuwa kufunga. Mwaka 2019 Südzucker ilitangaza kusimamisha Brottewitz na Warburg nchini Ujerumani, Cagny na Eppeville nchini Ufaransa, na Strzyżów nchini Poland. Cristal Union ikafunga Bourdon na Toury. Tereos ikafuata kwa kutangaza kufunga Escaudœuvres mwaka 2023. Nataka msomaji asimame kidogo hapo Cagny, karibu na Caen. Shirika la wakulima wa viazi sukari la Ufaransa, CGB, lilijitokeza na pendekezo la kununua viwanda vya Cagny na Eppeville. Südzucker ilikataa. Kwa upande wa kampuni uamuzi huo una mantiki: kiwanda kilichofungwa kinapunguza sukari sokoni, kilichouzwa kinazaa mshindani. Kwa upande wa mkulima wa Normandy, mwenye haki zote za mali alitumia haki hizo kuhakikisha zao halilimwi tena katika eneo lake. Hakuna sheria ya ushindani iliyomzuia, kwa sababu kufunga mali yako mwenyewe si kuungana na mtu wala kupanga bei na mtu.

Leopoldsdorf, mashariki mwa Vienna, inaonyesha nguvu hiyohiyo kwa sura nyingine. Mwaka 2020 Agrana ilisema kiwanda kitafungwa wakulima wasipoahidi hekta 38,000 za viazi. Waliahidi, serikali ikasaidia, kiwanda kikabaki. Mwaka 2023 bei ya sukari Ulaya ilipita euro 800 kwa tani na kila mtu akapanda. Bei ilipoporomoka, Machi 2025 Agrana ikatangaza kufunga Leopoldsdorf pamoja na Hrušovany ya Czechia. Mkulima alifunga ahadi ya ardhi na mashine ya kuvunia. Kiwanda kiliendelea kuwa huru kuondoka.

Kuna hoja inayotolewa kila mara: wakulima wenyewe ndio wenye kampuni. Tereos, Cristal Union na Cosun ni vyama vya ushirika. Hisa nyingi za Südzucker zimeshikwa na chama cha wakulima wa viazi wa kusini mwa Ujerumani. Ni kweli, na kunasaidia, kwa maana faida inayobaki inarudi kwa mkulima badala ya kwenda kwa mwekezaji wa mbali. Ila mwenye hisa wa Bavaria hana sababu ya kumwonea huruma mkulima wa Cagny. Faida yake inatokana na kufungwa kwa kiwanda cha mwenzake. Na ushirika wenye maelfu ya wanachama wanaopeleka mzigo kwenye viwanda vingi hupiga kura kwa jumla, huku kufungwa kunaumiza eneo moja.

Mshindani pekee wa kweli kutoka nje angekuwa sukari ya miwa. Ushuru wa kawaida wa kuingiza sukari nyeupe ni euro 419 kwa tani, na wa sukari ghafi ni 339. Kiasi fulani kutoka Brazili na kwingineko huingia kwa euro 98, lakini hata hiyo ni nzito kwa kiwanda cha kusafishia sukari ghafi bandarini bei ya ndani inapokuwa chini. Ndiyo sababu viwanda hivyo vya bandarini vimekuwa dhaifu tangu 2017. Uingereza ilichukua njia tofauti baada ya kujitoa: mwaka 2021 ilianza kwa kuruhusu tani 260,000 za sukari ghafi kwa mwaka kuingia bila ushuru kutoka popote. British Sugar ililalamika. Kwa maoni yangu ni hatua sahihi kwa mnunuzi wa sukari, lakini haimsaidii mkulima wa viazi hata kidogo, kwa sababu inampunguzia nguvu muuzaji wa sukari bila kumpa mkulima mnunuzi wa pili. Watunga sera huchanganya mambo haya mawili.

Nchi za Afrika zililiona soko hili kutoka mlangoni. Chini ya Itifaki ya Sukari ya mwaka 1975, Mauritius ilikuwa na mgawo wa karibu tani 490,000 kwa bei ya uhakika, euro 523.7 kwa tani ya sukari ghafi kabla ya mageuzi, iliyoshushwa hadi 335.2. Itifaki ilipokaribia kwisha mwaka 2009, Mauritius ilijenga uwezo wa kusafisha sukari nyumbani, ikahitaji wa kuiuza Ulaya, na mkataba wa muda mrefu ukasainiwa na Südzucker. Mlango ulikuwa wazi bila ushuru, ila maghala, malori ya tangi na orodha ya wateja vilikuwa mikononi mwa wazalishaji wa viazi.

Nini kifanyike? Kwanza, mamlaka za ushindani ziache kupima ununuzi wa viazi kwa mipaka ya nchi. Zichore mduara wa nauli kuzunguka kila kiwanda na kuuliza ni mashamba mangapi yana kiwanda cha kampuni nyingine ndani ya mduara huo. Muungano au ufungaji unaofuta kiwanda cha pili ndani ya mduara uchunguzwe hata kama nchi nzima ina kampuni tano.

Pili, anayetaka kufunga alazimike kutangaza misimu miwili kabla na kukitoa kiwanda kwa mnunuzi asiye na uhusiano naye kwa bei ya mthamini huru. Na usiundwe tena mfuko wa kisheria wa kulipia ubomoaji.

Tatu ni mkataba wenyewe, na hapa ndipo senti nyingi hupotea. Sheria ya Umoja inataka mkataba wa maandishi kabla ya kupanda na inaruhusu vyama vya wakulima kujadiliana kwa pamoja. Ni msingi mzuri. Lakini kifungu cha kugawana bei kinahitaji kusema ni bei ipi. Wastani wa mauzo ya kampuni yenyewe, ambao mkulima hawezi kuukagua, ni tofauti na wastani wa kanda unaochapishwa na Tume. Ule wa Tume hutoka kwa kuchelewa, na ucheleweshaji huo una sababu nzuri: takwimu za haraka na za kina katika soko la wachache zingewasaidia wauzaji kuchungana. Suluhisho ni mkaguzi aliyefungwa na siri, anayeona mikataba ya kampuni na kuthibitisha fomula kwa wakulima bila kutoa majina. Kisha kuna makato: bei hutajwa kwa kiazi chenye sukari asilimia 16, na kila pointi juu au chini yake ina ongezeko au punguzo, udongo ulioshikamana na kiazi hukatwa kwenye uzito, makapi yana thamani kama chakula cha ng'ombe, na mkataba useme ni ya nani. Mahali pengi Ulaya wakulima huweka wawakilishi wao kwenye maabara ya kupokelea mzigo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na nusu pointi ya sukari inayoweza kupotea msimu mzima.

Haya yanaigusa hata Tanzania. Associated British Foods, inayomiliki British Sugar, inamiliki pia Illovo yote, kampuni ya sukari ya miwa ya kusini mwa Afrika, tangu 2016, na Illovo ina asilimia 75 ya Kilombero Sugar. Serikali ya Tanzania ina 25. Muwa nao hauwezi kusubiri: ukishachomwa na kukatwa, utamu wake unashuka ndani ya siku chache. Kule Uingereza wakulima hujadiliana na kundi hilo kupitia NFU Sugar, chama chao cha wakulima wa viazi sukari, na mwaka 2023 British Sugar ilipowapelekea mikataba moja kwa moja kabla ya mazungumzo kuisha, mgogoro ulifika serikalini na makubaliano yakarudi mezani. Vyama vya wakulima wa miwa wa Kilombero vina haki ya kuitisha nakala ya fomula ya bei inayotumika Norfolk, Uingereza, na kuiweka kando ya yao: nani anapima sukari, nani anasimamia mzani, na mzigo uliochelewa kuchukuliwa shambani analipia nani.